Sauti Iliyokuwa Ndani ya Diski Moja

Mama Kipepeo alikuwa fundi cherehani. Alishona foronya, mapazia na vitambaa vya viti. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Asubuhi alikata vitambaa, mchana alishona. Jioni mumewe alipiga pasi na kukunja. Mumewe alikuwa na mkono mzuri wa pasi. Foronya zilizopita mikononi mwake zilitoka zimenyooka mpaka wateja waliona haya kuzilalia.

Mtaani mume huyo aliitwa Mtangazaji. Jina lilibaki ingawa kazi ilikwisha. Kwa miaka mingi alifanya kazi redioni. Alisoma taarifa za mvua, matangazo ya vifo, na majina ya watoto waliopotea. Jioni moja kila juma aliwasomea watoto hadithi. Watu ambao hawakuwahi kumwona waliijua sauti yake. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, yenye kicheko kilichojificha chini yake. Mama Kipepeo aliipenda sauti kabla hajaiona sura. Alizoea kuwatania wageni kwamba yeye aliolewa na redio.

Kisha Mtangazaji akaugua koo. Alichelewa kwenda hospitali, maana alidhani ni uchovu wa kazi. Madaktari walimfanyia upasuaji, wakaondoa kisanduku cha sauti. Uhai ukabaki, sauti ikaenda. Sasa alipumua kupitia tundu dogo shingoni. Mkewe alimshonea vitambaa laini vya pamba vya kulifunika tundu hilo. Alivishona vya rangi nyingi, ili mzee achague kinachofanana na shati.

Nyumba haikuwa kimya kabisa. Mtangazaji alimwita mkewe kwa kugonga meza. Maneno mafupi aliyatamka kwa midomo tu, na mkewe akayasoma. Maneno marefu aliyaandika kwenye simu. Akikasirika aliandika kwa herufi kubwa tupu, na mkewe alimwambia asimpigie kelele. Hapo walicheka wote wawili, mmoja kwa sauti, mwingine kwa mabega.

Hata hivyo, Mama Kipepeo aliitamani ile sauti. Kuna siku alikuwa akiosha vyombo, akahisi ameitwa kutoka chumbani. Alisimama, maji yakimdondoka mikononi, akasikiliza. Hakuna aliyemwita. Akarudi kwenye vyombo vyake.

Chumbani kulikuwa na kompyuta ya mezani, ya zamani. Humo Mtangazaji alikuwa amehifadhi rekodi zake zote. Kituo chake cha redio kilishafungwa. Jengo liliuzwa, na kanda za zamani zilitupwa pamoja na viti vilivyovunjika. Kwa hiyo sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya kompyuta ile.

Mtangazaji alipotoka tu hospitali, mkewe alifungua hadithi moja ya watoto. Aliisikiliza huku akishona vifungo. Mtangazaji alikuja, akasimama mlangoni, akasikia. Kisha akageuka akatoka nje. Mama Kipepeo akazima kompyuta haraka, kama mtu aliyefumaniwa. Aliamini kwamba sauti ile inamuumiza mumewe. Tangu hapo alisikiliza kwa kujificha, mzee anapokwenda kunyoosha miguu. Aliweka sauti chini kabisa na sikio karibu na spika.

Alasiri moja alifungua hadithi aliyoipenda zaidi, ile ya sungura aliyejifanya daktari. Ndani ya rekodi, Mtangazaji alikuwa amefika mahali sungura anamwambia fisi atoe ulimi. Ghafla sauti ikakwama. Ndani ya kompyuta kukatoka mlio mdogo wa kugonga. Tik, tik, tik. Skrini ikaganda.

Mama Kipepeo aliizima akaiwasha tena. Ilichukua muda mrefu kuamka. Hadithi ikaanza, ikakwama palepale. Akaizima, akaiwasha. Akaipiga kofi dogo ubavuni, kama alivyokuwa akiipiga redio yao ya zamani. Mlio ukazidi. Alisikia hatua za mumewe uani, akaizima akatoka chumbani. Usiku wote hakusema kitu. Alimwogopea mumewe, na alijiogopea mwenyewe. Kama kompyuta ikifa, angebaki na nini cha kusikiliza?

Asubuhi alivuka ua kwenda kwa jirani. Jirani huyo alikuwa dada mmoja mpole aliyeajiriwa kutunza kompyuta za hospitali. Mtaani walimwita Dada Fundi. Mama Kipepeo alimkuta akianika nguo, akamweleza yote, hata kofi hakulificha.

Dada Fundi aliacha kuanika. Aliuliza kwanza kama kompyuta imezimwa. Kisha akauliza kama kuna nakala ya rekodi zile.

"Ipo, mwanangu," alijibu Mama Kipepeo. "Mimi mwenyewe nilinakili hadithi zote nikaziweka kwenye folda nyingine."

"Folda nyingine kwenye kompyuta gani?"

"Hiyohiyo."

Dada Fundi alivuta ndoo, akaigeuza, akamkaribisha kukaa. Akamwambia kwamba hapo bado alikuwa na nakala moja tu. Folda zote za kompyuta ile zinakaa kwenye diski moja. Diski ni kama kabati. Mtu akitoa shati rafu ya juu akaliweka rafu ya chini, bado liko ndani ya kabati. Kabati likiungua, rafu zote zinaungua.

Mama Kipepeo aliuliza ule mlio ni wa nini. Dada Fundi alieleza kwamba ndani ya diski za aina ile kuna sahani inayozunguka kwa kasi. Juu yake hupita kidude chembamba kinachosoma. Kidude hicho hakitakiwi kuigusa sahani. Kikianza kuhangaika au kugonga, diski iko mbioni kufa, na kila ikiwashwa kinaweza kuharibu zaidi.

"Mama, sindano ya cherehani ikianza kugonga chuma, unaendelea kushona?" aliuliza.

"Nasimama palepale. Nikiendelea nitavunja sindano na kuharibu nguo."

"Basi na hii usiiwashe tena. Usiipige. Usijaribu kusikiliza hata kidogo. Tutanakili diski nzima kwenda diski nyingine. Ila Mzee lazima ajue."

Hilo la mwisho lilimpa Mama Kipepeo shida kuliko mengine yote. Alimwomba Dada Fundi aseme yeye. Dada Fundi alikubali kusema habari ya diski. Mengine, alisema, ni ya nyumba yao.

Jumamosi Dada Fundi alikuja na mkoba wake wa kazi na kompyuta yake ndogo ya kubeba. Kabla ya hapo walikuwa wameshanunua diski mbili za nje, zile ndogo za kuchomeka kwa waya. Dada Fundi alikuwa amemwelekeza Mama Kipepeo dukani atazame nini. Diski mpya iwe na nafasi sawa na ile ya zamani, au zaidi. Ikiwa ndogo, haitatosha, kama vile kitambaa cha foronya hakiwezi kutoa shuka.

Walisafisha meza ya sebuleni. Mtangazaji alivaa kitambaa cha bluu shingoni na shati lake jeupe, kama mtu anayepokea wageni wa heshima. Alikuwa ameambiwa kwamba kompyuta inaumwa. Aliitikia kwa kichwa tu, akaenda kuchomoa nyaya yeye mwenyewe.

Dada Fundi alifungua kompyuta, akatoa diski, akaiweka juu ya kitambaa kikavu. Ilikuwa kidude cha chuma, si kikubwa kuliko kiganja. Mama Kipepeo aliitazama kwa muda. Hakuamini kwamba sauti yote ya mumewe ilienea humo.

"Kabla sijachomeka kitu, naomba mniambie," alisema Dada Fundi. "Tangu ianze kugonga, imewashwa mara nyingi? Na nani?"

Mama Kipepeo alitazama chini. Alisema ni yeye. Alisema aliiwasha siku ile ya kwanza, akarudia, na kwamba alikuwa akisikiliza hadithi mzee anapotoka. Alisema yote hayo akiitazama meza.

Mtangazaji aligonga meza. Mkewe akainua macho. Mtangazaji alijielekezea kidole kifuani, akatamka kwa midomo, polepole. Mimi pia.

Kumbe naye alikuwa akisikiliza. Alisikiliza kila mkewe alipopeleka mizigo kwa wateja. Naye aliisikia ikigonga, akanyamaza, asije akamtia mkewe hofu. Naye aliipiga kofi. Dada Fundi aliinamisha uso kwenye mkoba wake akitafuta waya ambao tayari alikuwa ameushika.

"Sasa siku ile kwa nini uliondoka mlangoni?" aliuliza Mama Kipepeo. "Mimi nilidhani inakuumiza."

Mtangazaji alichukua simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akaisogeza mbele ya mkewe. Alikuwa ameandika: "Nilidhani unamtaka yule, sio mimi."

Mama Kipepeo alisoma. Aliiweka simu mezani taratibu. Angeweza kumpoza kwa uongo mdogo, lakini walishaishi pamoja muda mrefu mno kwa mambo hayo.

"Yule namtaka," alisema. "Namtaka kila siku. Na wewe nakutaka. Kwangu mimi ni mtu mmoja, nimekosa kipande chake tu."

Mtangazaji aliushika mkono wa mkewe, akaukandamiza mezani. Dada Fundi aliendelea na waya wake. Baada ya kitambo alikohoa kidogo, akaomba mabaki ya vitambaa, kimoja chekundu na kimoja cheupe.

Alifunga kitambaa chekundu kwenye diski ya zamani, na cheupe kwenye diski mpya, kisha akazichomeka zote mbili kwenye kompyuta yake. Alisema hapo ndipo watu wengi hupotea. Wakati wa kunakili diski nzima, programu inauliza inakili kutoka wapi na kwenda wapi. Diski inayopokea hufutwa yote. Mtu akizigeuza kwa bahati mbaya, atainakili diski tupu juu ya diski yenye mali yake, na vyote vitakwisha. Ndiyo maana hata yeye, kwa uzoefu wake, huweka alama. Alimwita Mama Kipepeo asome naye kwenye skrini. Kutoka nyekundu, kwenda nyeupe. Walisoma mara ya pili. Mtangazaji naye akasoma, akainua kidole gumba. Ndipo Dada Fundi akabonyeza.

Diski ya zamani ilianza kuzunguka. Mara ilinyamaza, mara iligonga. Kila ikigonga, mikono ya Mama Kipepeo ilikaza kwenye magoti. Dada Fundi aliwaeleza kwamba programu ile inasoma kwanza sehemu zilizo nzima na kuziruka zile mbovu. Baadaye inarudi kwenye mbovu na kujaribu kuokoa kinachookoka. Haihitaji kuharakishwa, wala mtu asiguse meza.

Walikaa. Chai ililetwa ikanywewa kwenye viti vya mbali. Mama Kipepeo hakushona siku hiyo, asije akaitikisa sakafu. Mtangazaji aliandika maswali, Dada Fundi akayajibu. Aliuliza kama ingetosha kuweka vitu kwenye flashi. Alijibiwa kwamba flashi inafaa kwa mzigo mdogo wa kuhama nao, ila ni rahisi kupotea na kuharibika, isitegemewe peke yake. Aliuliza habari ya kuhifadhi kwenye mtandao. Alijibiwa kwamba nayo ni njia nzuri kwa mwenye mtandao wa uhakika, na wengi hutumia vyote viwili. Jua lilihama kutoka dirisha la mbele kwenda la uani, na programu bado ilikuwa ikisoma.

Alasiri programu ilimaliza. Karibu kila kitu kilikuwa kimeokoka. Sehemu chache tu hazikusomeka kabisa. Mama Kipepeo aliuliza hapohapo habari ya sungura. Dada Fundi aliifungua kwenye diski yenye kitambaa cheupe. Ilifika kwenye ulimi wa fisi, ikakatika, ikaruka hadi mwisho ambapo Mtangazaji anawatakia watoto usingizi mwema. Katikati hapakuwa na kitu. Dada Fundi alisema kwa masikitiko kwamba kipande hicho kimekwenda. Kama nakala ingefanywa diski ikiwa nzima, kingekuwapo.

Mama Kipepeo alimtazama mumewe, akijua kwamba ndiye aliyekisoma kipande kile, na sasa hawezi kukisema tena.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Dada Fundi alisema nakala isiyojaribiwa haijawa nakala. Kuona majina ya faili hakutoshi, lazima mtu afungue na kusikiliza hapa na pale. Akaanza kufungua. Mvua. Matangazo ya vifo. Hadithi ya kobe. Akafungua faili moja ndefu isiyo na jina, yenye namba tu.

Mwanzoni alikuwa Mtangazaji akisoma taarifa, akirudia sentensi moja, akijikosoa. Alikuwa akifanya mazoezi nyumbani. Kisha karatasi zikasikika zikiwekwa chini. Alikuwa amesahau kuzima kinasa sauti. Hatua zikaenda mbali. Cherehani ikasikika ikikimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Kikombe kikagongana na sahani.

Na ile sauti nzito, kutoka mbali kidogo, ikasema, "Mama Kipepeo, chumvi umeiweka wapi?"

Mama Kipepeo alifungua mdomo ajibu. Lakini alitanguliwa na sauti yake mwenyewe, changa zaidi, ndani ya rekodi ileile. "Ipo mbele ya macho yako, mume wangu. Tazama kwa macho, usitazame kwa mdomo."

Kikafuata kicheko cha Mtangazaji, cha sauti kamili.

Hadithi zile zote alikuwa akiwasomea watoto wa watu. Taarifa zile aliisomea nchi nzima. Hapa alikuwa akimwuliza mkewe chumvi. Mama Kipepeo alijifunika uso kwa upande wa kanga yake na kulia bila kujizuia. Mtangazaji alikuwa akicheka kwa mabega huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye kitambaa cha bluu.

Dada Fundi aliwaacha wasikilize tena. Kisha akawaeleza yaliyobaki. Aliinakili diski mpya ya kwanza kwenda ya pili, kwa sababu ile ya zamani haikustahili kusumbuliwa zaidi. Moja, alisema, ikae hapa kabatini, pakavu, mbali na jiko. Isikae imechomekwa kwenye kompyuta wakati wote. Umeme ukipiga vibaya au virusi vikiingia, vinaweza kuondoka na kompyuta na nakala kwa pamoja. Nyingine isikae nyumba hii kabisa. Mwizi akija au moto ukizuka, zisikutwe zote mahali pamoja. Na kila wanapoongeza kitu kipya, wakinakili na kukijaribu.

Kipepeo mwenyewe, binti yao, alikuja kuwatembelea mwezi uliofuata. Alikuwa ameolewa mji mwingine. Aliondoka na diski ya pili, ameifunga ndani ya foronya katikati ya nguo zake. Baadaye alipiga simu kusema kwamba amewawekea wanawe hadithi ya kobe, na mdogo ameuliza babu anajificha wapi. Mama Kipepeo aliyarudia maneno hayo kwa sauti ili mumewe asikie. Mtangazaji aliomba simu, akaishika sikioni muda mrefu, akisikiliza wajukuu wakigombana nyuma ya mama yao.

Kompyuta ilitiwa diski nyingine, rekodi zikarudishwa humo kutoka kwenye nakala. Diski ya zamani Dada Fundi alijaribu kuichomeka mara moja tu, kwa kutaka kujua. Haikuzunguka tena. Mama Kipepeo alisikia habari hiyo akiwa anatia uzi kwenye sindano, akauingiza na kuendelea kushona.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ikawa siku ya nakala. Mtangazaji alisoma kwenye skrini, kutoka wapi kwenda wapi, na mkewe alihakikisha. Walisikiliza pamoja sasa, spika ikiwa juu. Siku nyingine hamu ilizidi baada ya kusikiliza, siku nyingine ilipungua. Hawakujua kwa nini, na hawakufichana tena.

Jioni moja Mtangazaji alikuwa akipiga pasi foronya za mteja. Pasi ilipanda na kushuka ubaoni. Mvuke ulifuka. Pumzi yake ilipita kwenye kitambaa cha shingoni, ikatoa mvumo mdogo kama wa mtu anayepuliza chai. Mama Kipepeo aliisimamisha cherehani. Alichukua simu, akawasha kinasa sauti, akaiweka pembeni ya ubao.

Mtangazaji alitazama simu, akamtazama mkewe. Aliuliza kwa midomo, unarekodi nini, mimi sisemi kitu.

"Endelea tu na kazi," alisema Mama Kipepeo. "Nataka hii pia iwepo."

Mtangazaji alisimama kidogo, pasi mkononi. Kisha akachukua foronya nyingine, akaitandaza, akaanza kuipiga pasi taratibu kuliko kawaida.